Kiingilio cha Mbuzi

Mpira wa kwenye televisheni hauna harufu. Nilimwambia hivyo mwanangu, Baba Neema, siku alipotufungia mtambo wake sebuleni kwangu hapa Buhare, Musoma, simu imeunganishwa na televisheni kwa waya, ili mimi na mdogo wangu Wambura tumwone mjukuu wetu Neema akicheza mpira wa kikapu bila kutoka nyumbani. "Mama," akasema, "huko uwanjani jua kali, na goti lako hilo. Hapa mna kochi, mna chai, mna feni. Mnataka nini tena?" Mtoto akishajenga nyumba ya bati anadhani amemaliza kujua. Wambura alikuwa pembeni yangu, amevaa miwani myeusi mikubwa kama ya dereva wa lori, maana alikuwa ametoka Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Kwa muda mrefu alikuwa anatembea amenishika bega, na watu nyumbani walishaanza kumsemesha kwa kupiga kelele, kana kwamba kilichoharibika ni masikio. Nilikuwa nimelala mara nyingi nikijiuliza kama ataniona tena kabla mmoja wetu hajatangulia. Juzi wakamfungua bandeji, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Dada, umezeeka vibaya." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Katika maisha yangu sijapewa salamu tamu kuliko tusi lile.

Basi tukatazama. Wasichana walikuwa wadogo kama sisimizi kwenye kioo, wanakimbia huku, wanakimbia kule, na sauti inakuja imechelewa, mtu anashangilia wakati jambo limeshapita. Neema nilimjua kwa urefu, maana ule urefu ni wa kwetu, hakuuokota kwa mama yake. Akapata mpira. Akawapita wawili. Akaruka, mkono juu, halafu akaganda. Hewani! Mjukuu wangu akabaki ananing'inia pale kama nguo kwenye kamba. "Mtandao," akasema Baba Neema, akaanza kuitikisa ile simu. Wambura akanisogelea. "Imeingia?" Nikamwambia sijui, mimi naona unachoona wewe. Akasema taratibu, "Dada, hii si ndiyo kama ule ua wa shangazi?" Na mimi nikaweka kikombe chini, kwa sababu nilikuwa nafikiria hicho hicho.

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana mkubwa, natafutiwa mume na kila mwanamke mwenye mdomo, na nilikuwa hapa Musoma kwa shangazi namlelea mtoto wake. Mume wa shangazi alikuwa mpishi kwenye shule ya sekondari aliyosoma Wambura, na walipewa nyumba ya wafanyakazi nyuma ya uwanja, vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja yenye mguu mfupi, viti viwili vya kamba, na sufuria kubwa la shule lililotoboka ambalo shangazi aliwekea unga. Mimi nililala humo na mtoto, kichwa kwenye sufuria, miguu mlangoni. Nyumba nzima ilinukia furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye miba kuliko nyama. Tulikulaga ugali wa muhogo na mtama na furu, kesho furu na ugali, na shangazi alikuwa hachoki kutuonya, "Kuleni polepole. Mtu akifa kwa mwiba wa furu, watu watacheka msibani." Nje ya jiko palikuwa na ua wa minyaa uliopita kimo cha mtu, na nyuma ya ua ndiyo uwanja wa kikapu. Ukisimama kwenye mafiga unaona nusu ya juu tu: mikono, mpira, ubao na ringi. Miguu sikuiona hata siku moja. Nilijua mchezo wa mikono tupu inayoota kutoka kwenye minyaa, na mkono wa Wambura niliutambua kwa kiwiko chake kilichopinda tangu alipoangushwa na ndama dume. Nilikuwa nakoroga uji, mtoto mgongoni, nashangilia kwa mwiko.

"Wewe," shangazi alinifokea, "unapigia kelele mikono isiyo na wenyewe?"

"Huo una mwenyewe, shangazi. Ni wa Wambura."

"Basi nenda ukamwone na miguu, uniache nipumzike."

Lakini kwenda sikuruhusiwa. Mume wa shangazi alisema uwanja ni wa wanafunzi, na msichana wa jikoni akionekana amesimama pale, atakayeulizwa ni yeye. Kwa hiyo nilitazamia nyumbani. Na nisiwadanganye, kutazamia nyumbani kuna raha yake. Hakuna anayekusukuma, unakula huku unaona, na ukichoka unageuka. Ila kila mara mpira ulipopotea chini ya ua, moyo wangu ulipotea nao, nabaki nasubiri mikono iinuke tena ndipo nijue nani amenyang'anywa na nani amepata.

Siku moja baba alikuja kutoka nyumbani na kifurushi cha mtama, akakaa na mume wa shangazi chumba cha mbele. Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto, na ukuta ule ulikuwa wa udongo uliopasuka, haukuficha hata kikohozi. "Shemeji," nikamsikia baba, "muhula huu ukiisha namchukua kijana wangu." Mume wa shangazi akashangaa, amchukue wapi wakati anafaulu? "Anafaulu nini? Nimepita hapo nimemkuta na kaptula fupi anarukaruka, wanarushiana kitu kama wasichana wanaocheza rede. Mimi huko nimehamishiwa kijijini, nyumba iko kwenye mstari, boma la ng'ombe limebaki ng'ambo ya mto, wezi wanazunguka kama fisi. Kijana mkubwa ninaye mmoja. Ng'ombe hawalindwi kwa kurukaruka." Mume wa shangazi akasema, "Amebakiza mwaka mmoja tu, shemeji." Baba akamjibu, "Na mimi nikibakiza ng'ombe mmoja tu?" Hapo mwenzake akaita ugali uletwe. Niliupeleka. Baba alikula vizuri sana siku ile, akawasifu furu. Kesho yake jioni nilikwenda kwenye ua nikamwita Wambura, nikamweleza yote kupitia minyaa. Uso sikuuona. Niliona mikono yake miwili imeshika mpira juu ya kichwa, ikasimama hivyo muda, halafu ikashuka polepole, ikapotea. Nikasikia tu mpira umeachwa unadunda wenyewe, kila mdundo mdogo kuliko uliopita.

Mtoto wa shangazi alipoanza kutembea nilirudi nyumbani, kwenye kile kijiji kipya kati ya Butiama na Bunda, nyumba zimepangwa kama mahindi ya bwana shamba. Mama alinipokea na uji wa ulezi, na kabla sijaumaliza akataka habari za mwanawe. Mama yangu alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akikuita uko nyuma ya nyumba, ilibidi umtume kuku akusikilizie. Nikamsimulia mchezo jinsi nilivyouona, mikono inavyokwenda, mpira unavyoingia, ringi inavyolia.

"Na miguu?" akauliza.

"Miguu sijaiona, mama."

"Sasa mwanangu anacheza na miguu ya nani?"

Baba alikuwa mlangoni anachonga mpini. "Atakuja kuitumia miguu yake hapa," akasema, "kufuata ng'ombe." Mama akainamia chungu. Nilijua kwamba usemi wa mwanamke kwenye jambo la ng'ombe ulikuwa mfupi, na mama hata huo mfupi hakuutumiaga.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba siku ya kufungua zahanati patakuwa na ngoma, hotuba na mpira wa kikapu, wanafunzi wa Musoma na vijana wa Bunda. Wambura alikuwa kwenye hao wa Musoma, na muhula wao ulikuwa unaishia hapo. Mpira wenyewe pale kijijini hakuna aliyewahi kuuona, isipokuwa mimi, na mimi nusu. Mwenyekiti akasema umeandikwa kudundishwa, hautaki vumbi, kwa hiyo akina mama watengeneze uwanja. Tukautengeneza jinsi tunavyojua kutengeneza pa kukanyaga. Tulileta udongo wa kichuguu, tukaupondaponda, tukauchanganya na samadi mbichi, tukausiriba kwa viganja tukiwa tumeinama mstari mmoja, kama sakafu ya nyumba moja kubwa isiyo na kuta. Mama akachagua pale chini ya ringi, akapalainisha kama chumba cha mgeni, akarudia na kurudia. Ringi zenyewe zilikuwa za baiskeli, zimepigiliwa kwenye nguzo. Mwanamke mmoja akamwuliza, "Mama Wambura, unamtandikia nani hapo?" Mama akasema, "Atakayeanguka."

Siku yenyewe baba akakataa kwenda. "Kijiji kizima kikienda kushangaa," alisema, "ndiyo siku ya mwizi." Na hakukosea, nampa haki yake. Akavuka mto kwenda bomani na wazee wachache, upinde begani. Mimi na mama tukapata nafasi mstari wa mbele kabisa, tumekalia kanga zetu. Timu zikatoka nyuma ya ghala la pamba. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaona miguu. Jamani! Kumbe mchezo wenyewe ni miguu! Mikono niliyoshangilia mwaka mzima ilikuwa vyombo tu vya kupakulia, chakula kilikuwa kinapikwa huku chini. Inageuka, inadanganya, inasimama ghafla, inapiga ile sakafu yetu ya samadi mpaka mtetemo unaingia kwenye makalio. Harufu ya jasho, harufu ya samadi mbichi iliyopata jua, pumzi zao unazisikia, huyu anamtukana yule kwa sauti ya chini refa asisikie. Wambura akapita karibu, tone la jasho lake likanidondokea mdomoni. Sikulifuta.

Vijana wa Bunda walikuwa na mmoja mrefu, fulana nyekundu, mcheshi, anajionyesha kwa wasichana. Wambura alikuwa ameshika mpira, anatafuta wa kumpa, na yule mrefu akaja kwa nyuma, akanyoosha mkono, akaunyakua mikononi mwake, akautia kwapani kwa mbwembwe, akakimbia nao bila kudundisha, akicheka. Refa akaweka filimbi mdomoni. Lakini kabla hajapuliza, mama yangu, mama wa sauti ndogo, akasimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Asiye wa kwetu nimweleze. Kigelegele ni cha ulimi, ni cha furaha. Yowe linatoka tumboni, unalikata kwa kiganja, na lina maana moja: wameingia, wanaondoka na mali. Mwanamme akilisikia haulizi. Anaacha chakula, anaacha mgonjwa, anashika silaha, anakimbilia lilikotoka. Aliyelisikia akabaki amekaa, anatozwa na wazee. Aliyelipiga bure anatozwa vilevile. Mama aliona mtu ananyang'anya cha mwanawe na kukimbia nacho. Angepiga nini kingine? Na wanawake waliokuwa mstari wetu, damu ikiwa ni ile ile, hawakutazama kulikoni, wakalidaka na kulipeleka mbele. Likavuka mto.

Yule mrefu alisimama katikati ya uwanja, mpira kwapani, cheko limemkaukia. Tukasikia vishindo. Baba akatokea kwanza, mbele ya wazee wote, upinde umeshavutwa, macho mekundu, kwa sababu ile sauti alikuwa ameijua ni ya nani. Akaona kijana mgeni ameshika kitu kwapani. Watu wakapiga mbio, watoto wakakanyagana, mchezaji mmoja wa Bunda akapanda nguzo akakaa kwenye ringi kama kanga mtini. Refa wa watu akabaki anapuliza filimbi mfululizo, nadhani hata mwenyewe hakujua anapuliza. Niliona ncha ya mshale, nikaona ile fulana nyekundu, na nikajua kwamba mshale ukiondoka, hakuna shule tena, hakuna mwana tena, hakuna nyumba. Wambura akaruka akasimama katikati yao, mikono juu, ile mikono yangu ya kwenye minyaa.

"Baba! Ni mchezo!"

"Ng'ombe wako wapi?" baba akauliza, upinde haujashuka.

Mama, kwa sauti yake ndogo imerudi mahali pake, akasema, "Ng'ombe wapo. Ni mpira wa mwanao wameunyang'anya."

Baba akamtazama mama. Akamtazama kijana wa Bunda, ambaye sasa alikuwa ameunyoosha mpira mbele kwa mikono miwili kama anatoa sadaka. Upinde ukashuka kidogo kidogo. Mzee mmoja nyuma akaanza kucheka, kicheko cha kifua kibovu, wa pili akamfuata, na kijiji kizima kikaanguka. Watu walicheka wanalia. Hata aliyekuwa kwenye ringi akacheka, akakwama, ikabidi ateremshwe na wazee waliokuja kumwua. Baba peke yake hakucheka. Akauchukua mpira, akauminya kama anavyominya kiwele, akaunusa, akampa Wambura. "Nyang'anya tena," akamwambia yule mrefu. "Nione."

Na akakaa, pembeni ya mama, chini, mtu ambaye hakukaaga na wanawake. Mchezo ukaanza upya. Yule mrefu sasa alicheza kwa adabu, lakini alijitahidi mpaka akaupata, na Wambura akamsubiri, akamsubiri, akauchukua mpira mikononi mwake bila kumgusa hata nywele, akapita katikati yao wote na kuutia kwenye ringi ya baiskeli. Baba hakupiga makofi. Niliona tu magoti yake yanahama, kushoto, kulia, kufuata.

Wazee walikaa baraza hapo hapo chini ya ringi na kumtoza mama mbuzi kwa yowe la bure. Mama akainama. Baba akasema, "Nitatoa. Wengine wote mmetazama bila kiingilio. Mbuzi huyo ni kiingilio changu na mke wangu." Mbuzi akachinjwa siku hiyo hiyo, tukamla na wageni kwenye kivuli cha zahanati mpya, nyama ya kuchoma na ugali wa mtama, chumvi imemwagwa kwenye jani. Mimi nilikuwa natembeza maji ya kunawa, kwa hiyo nikasikia. Baba alikuwa anatafuna, hamtazami Wambura. "Yule mrefu," akasema, "ulijuaje kama atapita kulia?"

"Nilitazama miguu yake, baba. Mikono inadanganya."

Baba akatafuna mpaka akameza. "Hata ng'ombe anayetaka kutoroka," akasema, "ukitazama pembe umechelewa." Akaokota mfupa mwingine. "Shule wanafungua lini?"

Wambura akamwambia.

"Usichelewe," akasema baba.

Ndoo ya maji ilinitoka mkononi, nikamwagia viatu vya mwenyekiti, na wala sikuomba radhi. Ng'ombe tukachunga mimi na baba. Wenye midomo wakasema msichana anachungishwa, atamkosa mume. Waliosubiri walisubiri, na aliyenioa alinikuta nimeota misuli. Jioni, ng'ombe wakishafungiwa, nilikwenda kwenye darasa la watu wazima kwenye lile ghala la pamba, nikakaa na vikongwe tukiimba a, e, i, o, u, na ndiyo shule yangu yote hiyo mnayoisoma hapa. Sidai kitu kwa mtu. Wambura alisoma, akawa bwana mifugo, akasomesha wanangu bila kuhesabu, Baba Neema wa kwanza. Na baba, mpaka uzee wake, alikuwa akisikia kuna kikapu Bunda au Musoma anavaa kanzu safi na kutafuta lori. Ukimwambia atasimuliwa na waliokwenda, anakujibu, "Nilisikilizaga mara moja nikiwa nyumbani. Nikataka kuua mtu."

Basi, Neema alikuwa bado ananing'inia kwenye kioo na baba yake bado anatikisa simu. Wambura akasimama. "Ita bajaji," akasema. Mwanangu akaanza habari za jua, za daktari, za goti. Wambura akamgeuzia ile miwani myeusi. "Macho nimetengenezewa ya nini, kijana? Ya kutazama picha imeganda?" Tukaenda. Tukasikia uwanja kabla ya kuuona, na upepo wa ziwa ukatuletea harufu ya jasho la wasichana na samaki wa kukaanga wanaouzwa nje ya geti. Tukapewa benchi la mbele kwa sababu ya mvi. Nikamwuliza binti wa jirani kama ule mpira wa Neema aliobaki nao hewani uliingia. "Haukuingia, bibi. Uligonga chuma." Sawa. Angalau nimejua. Na sasa nikamwona mwenyewe, mzima, na miguu yake, ile miguu ya kwetu, na Wambura pembeni hapepesi macho, anainama kulia, anainama kushoto, magoti yanahama kama ya baba. Niliacha kutazama mchezo kidogo nikayatazama hayo magoti.

Ndipo msichana mmoja mnene akaja kwa nyuma akamnyang'anya Neema mpira, akaondoka nao. Nikahisi kitu kinapanda kutoka tumboni. Wambura alikisikia kabla yangu. "Dada," akaninong'oneza, "meza. Mimi mbuzi sina."

Sikumeza.

Uwanja wote ukanyamaza. Refa akaniangalia, mpira akausahau. Baba Neema akajifunika uso kwa ile simu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa bado na kiganja mdomoni, ndipo getini akaingia mzee muuza samaki, anakimbia kwa kuchechemea, kisu cha kuparia magamba mkononi, anahema.

"Wamepita wapi?" akauliza.

Wambura akasogea kwenye benchi, akampangusia nafasi kwa kiganja. "Kaa hapa, mzee wangu," akamwambia. "Walipita na mpira wa mjukuu wetu, lakini ameshawafuata."

Na kweli, alikuwa ameshawafuata.